Dawa za asili za nywele: Kinachopotea si fedha tu, ni muda

Na Mwandishi Wetu

PITA Kariakoo siku yoyote ya juma, au simama kwa dakika chache katika kituo chochote kikubwa cha daladala jijini Dar es Salaam, na hutakosa kuiona meza iliyopangwa chupa za mafuta ya kijani na kahawia, makopo ya unga wa majani makavu na vifuko vya vidonge. Mwarobaini, mlonge, habasoda, uwatu, mshubiri na mafuta ya nyonyo vyote vipo, na vingi hunadiwa kwa ahadi moja: kwamba vitarudisha nywele zilizonyonyoka.

Biashara hiyo imekwisha kuhamia pia katika simu za mkononi. Huko picha mbili, moja ya "kabla" na nyingine ya "baada", hutosha kumshawishi mteja atume fedha kwa muuzaji asiyemjua.

Wapo wanaowacheka wanunuzi hao. Mwandishi wa makala haya hayumo miongoni mwao. Mwanamke ambaye nywele za mbele zimerudi nyuma kiasi cha kutotoka nyumbani bila kilemba au wigi hana jambo la kuchekesha, na kijana anayeanza kupata upara akiwa na miaka 25 ana haki ya kutafuta msaada.

Mjadala wetu kuhusu dawa hizo, hata hivyo, umekuwa ukizunguka swali lisilotosha. Tunaulizana kama mitishamba inafanya kazi au haifanyi. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: nywele hizo zimenyonyoka kwa sababu gani?

Ulazima wa swali hilo unaonekana katika maisha ya unywele wenyewe. Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo laki moja, na kila moja huishi kwa zamu. Hukua kwa miaka kadhaa, husimama, hupumzika kwa takriban miezi mitatu, kisha hudondoka ili kuupisha mwingine. Ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida.

Mwili ukipata mshtuko mkubwa, kama vile kujifungua, homa kali, upasuaji au kukonda kwa ghafla, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa wakati mmoja. Miezi miwili au mitatu baadaye hudondoka kwa pamoja, na mwenye kichwa huingiwa na hofu.

Chukua mfano wa mama aliyejifungua mwezi Januari. Kufikia Aprili anaokota nywele kwenye mto na kwenye chanuo. Mwezi Mei anashauriwa na jirani, ananunua chupa ya mafuta na kifuko cha unga wa kuchanganya na uji. Kufikia Oktoba nywele zimeanza kujaa tena.

Mama huyo atamshukuru nani? Bila shaka atalishukuru lile jani. Atamwambia dada yake, dada atamwambia shoga yake, na sifa za muuzaji zitavuka mitaa. Hakuna aliyesema uongo katika mlolongo huo. Ila nywele zile zingerudi hata kama angepaka maji ya kisima, kwa kuwa unyonyokaji wa aina hiyo kwa kawaida hukoma wenyewe.

Hapo ndipo ushuhuda mwingi unapozaliwa. Muda ndio uliotibu, chupa ikapokea shukrani. Kama habari ingeishia hapo, hasara ingekuwa ya fedha tu, na kila mtu ana uhuru wa kutumia fedha zake atakavyo.

*Pale muda unapokuwa adui*

Habari haiishii hapo. Zipo aina nyingine za kunyonyoka nywele ambazo muda hauzitibu, bali huzikomaza.

Ya kwanza ni ile itokanayo na kuvutwa. Mabutu ya kukaza, rasta nzito, wivingi iliyoshonwa kwa nguvu na nywele zilizobanwa nyuma mwaka hadi mwaka huchosha mashina yaliyo kandokando ya uso na juu ya masikio. Utafiti uliofanywa Cape Town, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa takriban mwanamke mmoja kati ya watatu waliochunguzwa alikuwa na dalili za tatizo hilo.

Hali huwa mbaya zaidi pale nywele zinazovutwa zinapokuwa zimenyooshwa kwa kemikali. Katika lugha ya saluni zetu, kupaka kemikali hiyo huitwa "kuweka dawa". Neno moja limebeba kile kinachodhoofisha nywele na kile kinachotarajiwa kuziponya.

Aina ya pili huanzia utosini na kutanuka taratibu kama duara, wakati mwingine ikiambatana na kuwashwa au maumivu, wakati mwingine bila dalili yoyote. Huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Kiafrika. Mwaka 2019 watafiti waliripoti katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba baadhi ya wagonjwa wana hitilafu katika jeni iitwayo PADI3, yenye kazi katika uundwaji wa unywele. Kwa maneno mengine, si kila lawama ni ya msusi.

Katika aina hizo mbili mashina ya nywele huweza kufa na nafasi yake kuchukuliwa na kovu. Kabla ya kovu upo mwanya. Mtu akiacha mitindo ya kuvuta mapema, nywele zake huweza kurudi. Mwenye ugonjwa wa utosini akimfikia daktari wa ngozi mapema, hupewa dawa za kutuliza uvimbe ambazo huweza kuuzuia usienee. Kovu likishakamilika hakuna mafuta wala kidonge, cha asili wala cha hospitali, kitakachootesha nywele mahali hapo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ngozi ya kichwa iliyokwisha kuwa kovu, hata ukuta wenyewe haujengeki.

Mwanamke aliyeambiwa "tumia chupa tatu kwa miezi sita ndipo utaona matokeo" hapotezi bei ya chupa tatu pekee. Hupoteza miezi sita ya mwanya huo, mara nyingi huku akiendelea kusuka kwa mtindo uleule uliomdhuru.

Yapo pia maradhi yanayojificha nyuma ya nywele. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, kaswende na ugonjwa wa lupasi vyote huweza kuonekana kwanza kichwani. Kwa watoto wa shule, viraka visivyo na nywele mara nyingi ni mapunye. Hayo husababishwa na fangasi waliozama hadi kwenye shina, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki vya kutosha, na ndiyo maana tiba yake ni dawa ya kumeza. Mtoto anayepakwa majani kwa muhula mzima huendelea kuwaambukiza wenzake darasani.

*Mitishamba ina neno lake*

Yote hayo si sababu ya kuibeza mitishamba. Kwinini ilitoka katika gamba la mti. Artemisinini, iliyo msingi wa dawa mseto za malaria tunazozitumia leo, ilitoka katika mmea uliojulikana katika tiba za kale za China, na mwaka 2015 mwanasayansi Tu Youyou alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo. Mimea hiyo ilipata heshima kwa sababu ilikubali kupimwa.

Katika nywele vipimo vipo, ingawa ni vichache. Mwaka 1998 watafiti wa Aberdeen, Scotland, walichapisha matokeo ya wagonjwa 86 wenye upara wa viraka. Kati ya waliopaka mchanganyiko wa mafuta ya rosemari, lavenda, thaimu na mwerezi, asilimia 44 walipata nafuu, ikilinganishwa na asilimia 15 ya waliopaka mafuta ya kawaida.

Mwaka 2002 utafiti mdogo wa Iraq ulionyesha kuwa maji ya kitunguu yaliwasaidia wengi wenye ugonjwa huohuo kuliko maji matupu. Na mwaka 2015 watafiti wa Iran waliwalinganisha wanaume 100 wenye upara wa kurithi. Baada ya miezi sita, waliopaka mafuta ya rosemari hawakupishana sana na waliopaka minoxidil ya asilimia 2.

Hizo ni habari za kutia moyo, lakini zina mipaka. Tafiti hizo ni ndogo. Ule wa Iran haukuwa na kundi lililopaka kitu kisicho na dawa ndani yake. Ule wa kitunguu haukuweza kumficha mgonjwa anachopakwa, kwa kuwa pua yake ilimwambia. Upara wa viraka nao mara nyingi hupona wenyewe.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba tafiti hizo zote zilihusu magonjwa mengine, si upara wa kuvutwa wala ule wa utosini unaoacha kovu. Muuzaji anayezitaja ili kumuuzia mama mwenye kovu anachukua ushahidi wa kesi moja na kuupeleka katika kesi nyingine.

Mafuta ya nazi nayo yana sifa yake ya haki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa huingia ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha. Hulinda unywele uliopo usikatike. Kuotesha mpya ni kazi tofauti.

*Asili haimaanishi salama*

Neno "asili" limegeuka kuwa ngao inayozuia kila swali, ilhali sumu nyingi kali ni za asili. Mbegu ya mnyonyo, ambayo mafuta yake yakiandaliwa ipasavyo hayana madhara hayo, yenyewe hubeba risini, mojawapo ya sumu kali zinazojulikana. Hina halisi haina rangi nyeusi tii. Ikiwa nyeusi, mara nyingi imeongezwa kemikali ya rangi inayoweza kuunguza ngozi na kuvimbisha uso.

Virutubisho vya kumeza vina hatari yake. Mwaka 2008 nchini Marekani, kirutubisho kimoja cha maji kilikutwa na madini ya seleniamu mara 200 ya kiasi kilichoandikwa kwenye lebo. Watu 201 katika majimbo 10 walidhurika, na miongoni mwa dalili kuu ilikuwa kunyonyoka nywele. Walikunywa ili wawe na afya, wakapoteza hata walichokuwa nacho.

Tukio hilo lina somo la kisheria. Mwaka 1989 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliamua kuwa bidhaa ya kupaka inayouzwa bila cheti cha daktari kwa madai ya kuotesha nywele haitaruhusiwa sokoni mpaka ithibitishwe kama dawa. Mlango wa mafuta ukafungwa. Lakini sheria ya mwaka 1994 iliviacha virutubisho vya kumeza kuingia sokoni bila uthibitisho wa awali wa ubora wa madai yake, na biashara ikapitia huko.

*Chupa moja, majina manne*

Kwetu mlango uko wapi? Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kusimamia waganga na dawa zao. Dawa nyingine ziko chini ya TMDA, ambayo hadi mwaka 2019 iliitwa TFDA. Mwaka huohuo udhibiti wa chakula na vipodozi ulihamishiwa TBS.

Sasa itazame chupa ya pale Kariakoo. Ikipakwa kung'arisha nywele ni kipodozi. Ikimezwa kama lishe ni chakula. Ikidai kuponya ni dawa. Ikiwa imeandaliwa na mganga ni tiba asili. Chupa ileile yaweza kubadili jina mara nne kabla ya jua kuzama, kutegemea anayeuliza ni nani.

Dawa ya jambo hilo si kuzifukuza meza za mitaani, kwa kuwa meza ikifukuzwa leo kesho hurudi. Kinachotakiwa ni kuliangalia dai badala ya chupa: yeyote anayedai kuwa bidhaa yake inaotesha nywele au inatibu upara, awe na duka au akaunti ya mtandaoni, atakiwe kuonyesha uthibitisho kabla ya kutangaza. Taasisi ya Tiba Asili ya Chuo Kikuu cha Muhimbili inaweza kuipima mimea yetu, ili yenye uwezo ipate heshima yake.

Wasusi nao wasisahauliwe. Wao ndio wa kwanza kuuona utosi wa mteja, miaka mingi kabla ya daktari. Mafunzo mafupi ya kutambua dalili za hatari yangeokoa vichwa vingi. Moshi kipo, tangu mwaka 1992, kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika Hospitali ya KCMC, na elimu hiyo inaweza kushushwa hadi saluni.

Kwa mnunuzi, ushauri ni mwepesi. Kabla ya kutoa fedha, jiulize kama ulijifungua au kuugua miezi michache iliyopita. Kama ndivyo, kula vizuri na uwe na subira. Ukiona nywele za mbele zinarudi nyuma, legeza msuko leo, usisubiri Sikukuu ipite. Ukiona utosi unawasha, unauma, unang'aa au unatanuka, au mtoto ana viraka, nenda hospitali kwanza, na mafuta yaje baadaye kama bado unayataka.

Chupa ikiisha hununuliwa nyingine. Shina la nywele likishageuka kovu haliuzwi Kariakoo wala kwingineko.