Tumkumbuke Mzimamzima

Ukihudhuria matanga upande huu wetu, kuanzia Osieko penye fuo za omena hadi Malaba penye foleni za malori, utasikia wasifu wa marehemu ukisomwa kwa namna moja tu. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaoa, akajaliwa watoto, akaugua kwa muda mfupi, akalala katika Bwana. Kijitabu chenye picha za rangi kinapita mkono kwa mkono kati ya viti vya plastiki, mshereheshaji anawasihi wanasiasa wafupishe, na mtu aliyeishi miaka sabini anamalizwa kwa dakika kumi. Kila marehemu alikuwa mpole, mcha Mungu, mpenda watu. Hakuna aliyewahi kushindwa. Hakuna aliyewahi kukimbia usiku.

Mimi nasema desturi hii ni dhuluma. Tunawadhulumu vijana urithi ambao hauhitaji hati ya shamba, yaani habari za jinsi wazee wao walivyothubutu, walivyoanguka na walivyoinuka.

Nichukue mfano wa mtu anayejulikana pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda. Aggrey Awori alizaliwa mwaka 1939 katika jamii ya Wasamia, ambao mpaka wa kikoloni uliwagawa nusu wakawa wa Kenya, nusu wa Uganda. Baba yake alikuwa Kanoni Jeremiah Awori, mchungaji wa Kianglikana, na mama yake ni Mariamu. Nyumba hiyo ilikuwa na watoto 17, wa kike kwa wa kiume, na wakasomeshwa katika enzi ambayo wazazi wengi waliona kumpeleka binti shuleni ni kupoteza ada. Kati yao alitoka W.W.W. Awori, mhariri wa magazeti na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria wakati wa ukoloni. Alitoka Nelson, profesa wa upasuaji. Alitoka Mary Okelo, aliyeanzisha shule za Makini pamoja na mumewe mwaka 1978. Na alitoka Moody, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003, yule aliyewapa wafungwa magodoro na sare mpya, hata umma ukamwita Uncle Moody.

Aggrey alifuata upande wa Uganda. Alisoma Nabumali na King's College Budo, akaruka viunzi vya mita 110 katika Olimpiki za Roma mwaka 1960, akaenda Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akaruka tena Tokyo mwaka 1964. Aliporudi alikabidhiwa televisheni ya taifa ya Uganda. Idi Amin alipopindua serikali ya Obote Januari 1971, mkurugenzi huyo akawa mkimbizi hapa Kenya.

Wasifu wa kawaida ungeruka kutoka hapo moja kwa moja hadi ubalozi, maana baada ya Amin aliiwakilisha Uganda kule Washington. Lakini palikuwa na jambo jingine baadaye. Museveni aliposhika nchi mwaka 1986, Awori aliishia kuongoza kundi la waasi, Force Obote Back Again, lililopigana mashariki mwa Uganda. Miaka ile huko mashariki kulikuwa na makundi zaidi ya moja, na aliyeumia ni raia mwenye ng'ombe wawili na shamba la muhogo. Hilo haliwezi kupakwa chokaa. Baadaye alirudi na kuingia katika siasa za kura: akawa mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini, akagombea urais mwaka 2001 dhidi ya Museveni yuleyule na kuachwa mbali katika nafasi ya tatu, na hatimaye, mwaka 2009, akateuliwa waziri wa teknolojia ya habari katika serikali ya mtu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kupigana naye.

Kuna wanaoliita hilo usaliti, na kuna wanaoliita ukomavu. Mimi naona ni mtu aliyejifunza kwa gharama kubwa kwamba bunduki haikumpeleka popote alipotaka kufika. Lakini nani atamweleza hayo kijana wa Busia anayeshawishiwa leo na mwanasiasa kurusha mawe kwa shilingi mia mbili, ikiwa sisi tumekwisha kuufuta ukurasa huo kwa heshima ya marehemu? Awori aliaga dunia Julai 2021, wakati Uganda imefungwa kwa ajili ya korona na mazishi yakiwa ya watu wachache kwa amri. Pengine ndiyo sababu masimulizi yake hayakupata uwanja wa kutosha.

Najua nitajibiwa kwamba marehemu hasemwi. Naikubali adabu hiyo. Sitaki mjane adhalilishwe mbele ya jeneza, wala sitaki mambo ya chumbani yapigwe kipaza sauti. Lakini kusengenya ni kitu kimoja na kusimulia ni kingine. Mke wa Awori, Thelma, mzaliwa wa Liberia, alikuwa mtumishi mkubwa wa Umoja wa Mataifa. Nyumba ya watu wawili wa namna hiyo, yenye watoto, yenye uhamisho wa kazi na maisha ya uhamishoni, iliendeshwaje? Nani alibaki na watoto? Hilo ni swali la heshima kabisa, na kila mwanamume anayeondoka kutafuta riziki Nairobi, Kampala au Doha anahitaji kulisikia likijibiwa.

Tena msidhani nasema habari za wakubwa pekee. Mkubwa ana kumbukumbu zake magazetini. Mvuvi wa Osieko hana. Kwenye kijitabu chake huandikwa maneno mawili: alikuwa mvuvi. Basi! Mtu aliyeingia ziwani jioni na taa zake zikielea juu ya maji kuita omena, akalala macho usiku kucha akisoma upepo, akarudi alfajiri ili mama watoto aanike samaki kwenye nyavu chakavu kabla jua halijapanda. Mtu aliyeujua mpaka usioonekana, kwa sababu siku aliyoukosea alikutana na askari wa doria wa Uganda, wakachukua mashine ya boti na samaki. Mtu aliyeacha nyavu zake zikielea akaenda kuokoa boti ya jirani iliyopinduka, na hakuandikwa popote. Karo ya kidato cha kwanza ilitoka katika mabeseni yale. Huyo alithubutu na kutumikia kuliko wengi tunaowajengea minara, nasi tunamzika kwa maneno mawili!

Hivyo basi, ndugu zangu, Disemba hii mtakaporudi nyumbani na mikate na sukari, msimalize likizo yote sokoni na kwenye vilabu. Mketisheni mzee angali na sauti. Simu mnazo, na zinarekodi. Msimuulize alipata vyeo gani. Muulizeni alivuka mpaka mara ya kwanza kwa sababu gani, na mfukoni alikuwa na nini. Muulizeni dhoruba gani ilimtisha kuliko zote, na ni nani alikuwa naye ndani ya boti. Muulizeni biashara iliyomfilisi, rafiki aliyegombana naye na kama walipatana. Na mama akiwa karibu, mwacheni asahihishe. Atasahihisha sana, kwa sababu usiku ambao mzee alikuwa safarini, yeye ndiye aliyekuwa na watoto wenye homa, na ana tarehe zake mwenyewe.