Soda Kinampanda: mwenye duka atazame alizeti, si jua

WAKO wafanyabiashara wa vinywaji baridi mkoani Singida ambao hupanga manunuzi yao kwa kufuata joto. Ikifika Septemba, vumbi linapotimka na jua linapokuwa kali, kreti hupangwa hadi karibu na dari kwa imani kwamba kiu italeta fedha. Katika kata ya wakulima kama Kinampanda, wilayani Iramba, hesabu hiyo ina kasoro. Kiu ipo, lakini fedha haipo. Kufikia Oktoba kaya nyingi zimekwisha kuuza mazao, zimelipa madeni, na kilichobaki kinatunzwa kwa ajili ya mbegu na chakula cha miezi ya mvua.

Msimu halisi wa soda huko huja wakati ambapo mtu asingeutegemea. Alizeti, zao la biashara linaloujulisha mkoa huu nchi nzima, huvunwa kati ya Mei na Julai. Hiyo ni miezi ya baridi katika nyanda za juu za Iramba, ambapo usiku blanketi moja halitoshi. Lakini ndiyo miezi ambayo noti zinaonekana, posa zinapelekwa na harusi zinapangwa. Harusi moja humaliza kreti ambazo duka lingeziuza kwa wiki kadhaa. Hivyo mwenye duka anayetaka kujua atauza soda kiasi gani afuatilie bei ya alizeti mashineni, maana haitamdanganya kama jua linavyomdanganya. Msimu wa 2022/23 bei hiyo ilianguka, na wakulima walilalamikia mafuta ya kula yaliyoingizwa kutoka nje kwa ushuru mdogo. Mfanyabiashara aliyeona mambo hayo mapema alikuwa na sababu ya kupunguza oda yake kabla kreti hazijamlalia.

Jambo la pili ni idadi ya watu, na hapa makosa ni mengi zaidi. Sensa ya 2012 iliuhesabia Mkoa wa Singida watu 1,370,637. Ile ya 2022 ikakuta wamepita milioni 2. Mtu akiona takwimu hiyo huona wateja wapya zaidi ya laki sita. Kwa kweli sehemu kubwa yao ni watoto. Nchini kote, zaidi ya watu 40 katika kila 100 wana umri chini ya miaka 15. Mtoto anapenda soda kuliko mtu yeyote, lakini hana mfuko. Anakula katika mfuko wa baba na mama, na kila anapozaliwa mwingine, fungu la kila mmoja hupungua.

Chukua mfano wa kaya yenye watu sita. Baba akinunua chupa moja ya mililita 350 hawezi kuifikisha nyumbani bila ugomvi, na akinunua sita amekula fedha ya unga. Ndiyo maana katika kaya kubwa soda ya chupa ya kioo hunywewa dukani, na mtu mmoja, mara nyingi mwanamume. Chupa kubwa ya plastiki isiyo na amana ilibadili mambo kidogo, maana inabebwa hadi nyumbani na kugawanywa kwa vikombe siku ya sikukuu. Kampuni zilizoingia sokoni kwa nguvu na chupa za plastiki, zikiwamo za Bakhresa na MeTL, zilikuwa zimelielewa jambo hili. Mwenye duka ambaye bado anajaza kreti za kioo peke yake anamhudumia mnywaji aliyesimama kaunta, na kaya nzima inampita.

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani kama shilingi 1,640 kwa siku. Katika vijiji vya Tanzania Bara, watu 31 katika kila 100 walikuwa chini ya mstari huo. Kwa mtu aliye juu yake kidogo tu, soda ya shilingi 500 ilimaliza karibu theluthi ya matumizi ya siku nzima. Hapo hakuna tangazo la redio wala bango litakalomfanya ainywe kila siku.

Basi kaya hizo hunywa nini? Hunywa chai ya rangi, uji, maziwa pale penye ng'ombe, na togwa ya mtama, uwele au mahindi, ambayo gharama yake ni nafaka iliyokwisha kuwamo ghalani na jasho la mama. Mpinzani mkubwa wa soda ya aina moja hapa si soda ya aina nyingine, kama wasambazaji wanavyopenda kufikiri. Ni sufuria ya chai. Kilo moja ya sukari huinywesha familia kwa siku kadhaa. Sukari ilipoadimika mwanzoni mwa 2024, hadi serikali ikatangaza bei elekezi, haikuwa na maana kwamba watu wangehamia kwenye soda. Bei ya sukari ikipanda, kaya hupunguza vijiko, au hunywa uji wa chumvi, na hata ile akiba iliyokuwa inunue soda ya Jumapili humezwa na sukari hiyo hiyo.

Kuna kundi ambalo haliendeshwi na msimu, nalo ni la wenye mishahara. Kinampanda ina bahati hiyo kuliko kata nyingi: kipo chuo cha ualimu, ambacho mizizi yake ni misheni ya Kilutheri ya Augustana, na zipo shule. Mishahara huja kila mwezi, na mwanachuo aliye mbali na kwao hujinunulia mwenyewe bila kugawana na wadogo zake. Serikali ilipopandisha kima cha chini kwa asilimia 23.3 mwaka 2022, na kwa asilimia 35.1 kuanzia Julai 2025, wako wafanyabiashara waliodhani kila mwalimu amepata kiasi hicho. Asilimia hizo ni za kima cha chini. Wa ngazi za juu hupata pungufu, na wengi wana mikopo inayokatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Hata hivyo kundi hili ndilo linalolipa umeme wa jokofu chuo kinapokuwa wazi. Kikifungwa, jokofu humgeuka mwenyewe.

Kodi husingiziwa mengi. Ushuru wa bidhaa kwa vinywaji baridi ulitoka shilingi 55 kwa lita hadi 58 mwaka 2016, na hadi 61 mwaka 2017. Kwa chupa ya mililita 350, kila nyongeza hiyo ilikuwa kama shilingi moja tu. Lakini hakuna anayerudishiwa chenji ya shilingi moja. Bei ya rejareja hupanda kwa sarafu ya 50 au 100, na kaya huona ngazi hiyo nzima hata kama mshahara au alizeti haikupanda.

Ipo hesabu ambayo mwenye mtaji mdogo anapaswa kuifanya kabla ya kuagiza. Chukua kreti 40, kila moja ikiacha faida ya shilingi 2,000. Zikiisha kwa wiki tatu za Julai, kila wiki imeleta zaidi ya shilingi 26,000. Zikichukua wiki kumi, kuanzia Septemba hadi Novemba, kila wiki imeleta shilingi 8,000, na hapo chupa zilizovunjika hazijahesabiwa. Mtaji usiozidi huo ungenunua mifuko mitatu ya sukari ya kilo 50. Kwa faida ya shilingi 100 tu kwa kilo, mifuko hiyo ikiisha kwa wiki moja imeacha shilingi 15,000, na fedha imerudi mkononi.

Kwa wale wanaotaka kuwekeza katika vinywaji bila kubeba kreti, njia ni nyembamba. Watengenezaji wakubwa wa soda nchini hawakuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. TBL imo tangu 1998, lakini mnunuzi wa hisa zake ananunua bia. Aliyebaki na duka Kinampanda atapata zaidi akijaza kreti Mei wakati wengine wanasubiri joto, akabakiza chache za walimu na wanachuo kuanzia Septemba, kisha akaagiza chupa kubwa za plastiki katikati ya Desemba, ndugu wa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza wanaporudi kwa ajili ya Krismasi na fedha ambazo hazikutoka shambani.