Mkutano wa Kijiji ni wa Nani?



Nataka kukueleza jambo lililotokea katika kijiji kimoja nilikofundisha darasa la kisomo. Kisha nitakupa maoni yangu. Ukimaliza kusoma, nawe utatoa maoni yako darasani.

Kijiji hicho kina bonde zuri. Siku moja mkutano mkuu wa kijiji uliitwa. Jambo la kuzungumza lilikuwa moja: kugawa vipande vya bustani bondeni. Mkutano ulifanyika chini ya mwembe, ng'ambo ya kijito. Daraja la kijito hicho lilikuwa gogo moja tu.

Katika kijiji hicho yupo fundi viatu mmoja. Anatembea kwa magongo tangu utoto wake. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha, na gogo lilikuwa linateleza. Fundi alifika ukingoni. Akatazama. Akarudi nyumbani.

Huko ng'ambo, waliokuwapo waliandikwa majina. Vipande vikagawiwa, vikaisha. Jina la fundi halikuandikwa. Hakuna aliyemchukia. Hakuna aliyesema, "Tusimpe." Walimsahau tu.

Wiki iliyofuata baadhi ya wanakijiji walimhurumia. Wakamchangia debe la mahindi. Fundi akalipokea, akashukuru. Kisha akasema, "Ndugu zangu, mahindi haya nitayala mwezi huu. Je, mwezi ujao mtaniletea tena? Mimi sikuomba mahindi. Nilitaka mahali pa kuyalima."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Nami nina kosa langu. Fundi huyu alikuwa mwanakisomo wangu. Darasa letu lilikuwa ng'ambo ile ile, karibu na mwembe. Masika yote niliandika katika daftari la mahudhurio kwamba hayupo. Nilidhani amechoka kusoma. Sikwenda kumwuliza hata siku moja.

Sasa nitoe maoni yangu. Kuna msaada wa aina mbili. Msaada wa kwanza ni kumpa mtu chakula. Msaada wa pili ni kumfungulia njia. Msaada wa kwanza ni mwema, hasa mtu akiwa na njaa. Lakini mtu akipewa chakula kila siku na njia yake imefungwa, atabaki kuwa mwombaji. Msaada wa pili humfanya awe mwanakijiji kamili.

Niliwauliza wanakisomo, "Ni kitu gani kilimzuia fundi asifike mkutanoni?" Wengi walijibu, "Miguu yake." Mama mmoja akasema, "Hapana, Mwalimu. Miguu yake ilimfikisha ukingoni. Gogo ndilo lililomrudisha."

Nakubaliana na mama huyo. Miguu ya fundi hatuwezi kuibadilisha. Gogo tunaweza.

Tazama kijijini kwako, utaona magogo ya namna nyingi. Yupo mama asiyesikia. Anakuja mkutanoni, anakaa nyuma, anaona midomo ikichezacheza. Watu wakinyosha mikono, naye ananyosha. Hajui amekubali nini. Huenda amekubali mchango asioumudu. Yupo mzee asiyeona. Mwenyekiti anasema, "Mpaka wa shamba la kijiji utatoka hapa uende pale." Hapa ni wapi? Pale ni wapi? Yupo mtoto anayefungiwa ndani kwa sababu wazazi wanaona haya. Mtoto huyo hajulikani hata na jirani. Je, atasajiliwa shule na nani?

Watu hawa si wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba hapa Tanzania, katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 7 na zaidi, 11 hivi wana ulemavu wa aina fulani. Piga hesabu. Kijiji chenye watu 1,000 wa umri huo, kama kinafanana na nchi nzima, kina watu 110 wa namna hiyo. Je, katika mkutano wenu uliopita uliwaona wangapi?

Sheria nayo iko wazi. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Sheria haikusema "wote wanaoweza kuvuka gogo." Tena ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayokataza kuwabagua. Na tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ni ya vijana, na 2 ni ya watu wenye ulemavu. Lakini habari za mikopo hutangazwa mikutanoni. Asiyefika mkutanoni atazisikia wapi?

Wengine watasema, "Kijiji chetu ni maskini. Fedha za mambo haya tutazitoa wapi?" Swali hilo ni jema. Tulilipigia hesabu darasani. Kuhamisha mkutano kutoka mwembeni kuja uwanja wa shule hakutaki hata senti moja. Kumweka mama asiyesikia mbele, akakaa na mtu anayeelewana naye kwa ishara, hakutaki fedha. Kumtembeza mzee asiyeona kwenye mpaka, akaushika mti wa alama kwa mkono wake, hakutaki fedha. Daraja la kijito lilitaka magogo mawili zaidi, mbao, misumari, na siku moja ya kazi ya pamoja.

Ofisi ya kijiji je? Kama mlango uko sentimita 30 juu ya ardhi, jengeni njia ya mteremko mahali pa ngazi. Urefu wa mteremko uwe mara 12 ya kimo hicho, yaani mita 3 na sentimita 60. Ukiwa mfupi kuliko hapo utakuwa mkali, na kiti cha magurudumu kitapanda kwa shida. Mteremko huo utamfaa pia mama mjamzito, mzee mwenye mkongojo, na kijana aliyebeba gunia.

Jambo jingine ni kuuliza. Tusikae wenyewe tukaamua fulani anahitaji nini. Sisi tuliamua kwamba fundi anahitaji mahindi. Tungemwuliza, angetuambia. Katika kamati yoyote ya kijiji wawepo watu wenye ulemavu, nao waseme wenyewe.

Wazee wetu walisema, "Hujafa hujaumbika." Maana yake, hakuna ajuaye atamaliza maisha akiwa na hali gani. Leo una macho mazuri. Kesho mtoto wa jicho. Leo unapanda mnazi, kesho unaanguka. Pikipiki zimewavunja miguu vijana wengi waliokuwa wakikimbia jana. Anayelitengeneza daraja leo huenda akalihitaji mwenyewe kesho.

Daraja la kijito lile lilitengenezwa. Wanakijiji walikwenda Jumamosi moja, wanaume kwa wanawake. Fundi alikwenda pia. Alikaa akapigilia misumari, kwa maana nyundo anaijua kuliko sisi. Siku hizi hakosi mkutano wala darasa. Anasoma bila kusaidiwa.

Lakini bustani hana. Vipande vya bondeni vilikuwa vimekwisha. Jina lake limeandikwa la kwanza katika mgawo utakaofuata, naye bado anasubiri. Kumsahau mtu ni kazi ya asubuhi moja. Kurekebisha kosa hilo huchukua miaka. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla mkutano haujafunguliwa, tazama waliokaa, kisha uulize: nani hayupo, na amezuiwa na nini?

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini fundi viatu hakupata bustani?
2. Kuna tofauti gani kati ya debe la mahindi na daraja?
3. Taja "magogo" matatu yaliyoko kijijini kwenu. Lipi mnaweza kuliondoa wiki hii?
4. Ngazi za darasa lenu zina kimo cha sentimita ngapi? Pigeni hesabu ya urefu wa mteremko.
5. Mwandishi anasema tuulize kwanza. Je, unakubali? Eleza sababu zako.