TREKTA LA KUONDOLEA MITI: PIMENI UA KABLA YA KUHESABU FEDHA

Kila masika yanapoanza kunyesha juu ya vilima vya Kampala, miti mikongwe ya Kololo, Nakasero na Bugolobi huangusha matawi, na mingine hung'oka na mizizi yake ikalalia mapaa ya watu. Kazi ya kuiondoa ina malipo, na si ajabu kwamba askari wenzetu wanaokaribia kuvua magwanda wameitupia jicho. Hivi karibuni sajini mmoja aliyebakiza miezi michache jeshini alitufikia ofisini na karatasi ya bei ya trekta la nguvu za farasi 75. Alikuwa amekusudia kulitolea kiinua mgongo chake chote. Tulimwomba aketi kwanza.

Shabaha yake tunaiunga mkono kwa dhati. Silaha aliyoichagua ndiyo iliyotutia hofu. Trekta la shamba la ukubwa huo hukaribia uzito wa tani tatu na upana wa mita mbili. Shambani halina kifani. Lakini ua wa nyumba ya mjini una ukuta upande huu, nyumba upande ule, na chini ya majani ya bustani mna tangi la maji machafu ambalo mwenye nyumba mwenyewe amekwisha kusahau lilipo. Tulipata kushuhudia, katika kambi ambayo hatutaitaja, trekta la namna hiyo likiingizwa kwenye nyumba za familia za askari kuvuta mkalitusi ulioanguka. Mti ulitoka. Bomba la maji nalo lilipasuka, mfuniko wa tangi ukatitia, na familia nne zikachota maji kwa majerikeni muda wa siku tisa. Gharama ya matengenezo ilipita thamani ya kuni zote zilizopatikana.

Upelelezi hutangulia shambulio. Mwenye kuitaka kazi hii na azunguke kwanza mitaa anayotarajia kupata wateja, futi kamba mkononi, apime nafasi iliyopo kati ya pembe ya nyumba na ukuta. Aghalabu hapo ndipo mtambo unapokwama, wala si langoni ambapo motokaa hupita kila siku.

Jambo la pili, nalo ndilo wengi hulipuuza, ni uzito wa gogo. Wauzaji husifia injini, na wanunuzi wengine, tusifichane, huchagua rangi. Mkalitusi mbichi una uzito unaokaribia ule wa maji, yaani kilo 1,000 kwa mita moja ya ujazo. Gogo lenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita mbili lina kilo 250 hivi. Kipenyo kikifika sentimita 60 kwa urefu ule ule, limepita nusu tani. Mikono ya mbele ya trekta la farasi 25 aghalabu huinua kati ya kilo 250 na 400 tu, na kucha za chuma za kukamatia magogo zaweza kula kilo 100 za hesabu hiyo. Isitoshe, takwimu ya mtengenezaji hupimwa kwenye pini zinazoshika ndoo. Gogo hukaa mbele ya pini hizo, na kadiri linavyokaa mbele ndivyo uwezo unavyopungua. Kwa maoni yetu, farasi 35 hadi 40, magurudumu yote manne yakivuta, ndicho kipimo cha kazi hii. Pale lisipopenya, na libaki barabarani lifungiwe winchi, gogo livutwe kwa waya hadi nje.

Mzigo wa mbele hudai mzigo wa nyuma. Bila uzito huo magurudumu ya nyuma huwa mepesi, na katika mteremko wa Muyenga trekta hupinduka na dereva wake. Wengine huning'iniza bonge la saruji kwenye viungo vitatu vya nyuma, wengine hujaza maji katika tairi za nyuma. Katika nchi za baridi maji hayo hutiwa chumvi yasigande. Kwetu maji ya bombani yatosha.

Yapo pia matrekta madogo yaliyotumika, yaliyokwisha kulima mashamba ya mpunga huko Japani. Bei yake huvutia. Lakini mengi hayana mikono ya mbele, maandishi yake ni ya Kijapani, na tairi zake zenye meno marefu huchana bustani ya mteja. Baya zaidi, mengi hayana ile fremu ya chuma inayomkinga dereva trekta linapopinduka. Hapo hatuna mjadala: lisilo na fremu lisinunuliwe, na lenye fremu lisiendeshwe bila mkanda. Mnyororo wa kuvutia ufungwe chini, kwenye chuma kilicho chini ya ekseli. Ukifungwa juu, pua ya trekta huinuka na kumwangukia dereva kabla hajapata kukanyaga klachi. Na mti uliosimama karibu na nyumba hausukumwi kwa ndoo. Hupunguzwa kutoka juu na mpandaji mwenye kamba na msumeno (naye ana vita vyake na makorongo wenye viota huko, lakini hayo ni makala nyingine).

Sajini yule hakuondoka kwetu na furaha. Juma lililofuata alirudi na karatasi ile ile ya bei, na nyuma yake alikuwa ameandika vipimo vya nyua kumi na moja za Muyenga na Bugolobi. Katika saba kati ya hizo, trekta lililoandikwa upande wa pili lisingepita. Sasa anatafuta bei ya farasi 38, na ametuuliza ni wapi atapata vipuri vyake. Hilo ndilo swali alilostahili kuanza nalo, nasi tumeanza kumsaidia kuuliza.