Barua za Ofisi Zisihame na Mtumishi

Mwalimu mkuu anapopata uhamisho kutoka Pito, katika Manispaa ya Sumbawanga, kwenda shule nyingine kule bonde la Ziwa Rukwa, desturi ya kazi yataka iandikwe hati ya makabidhiano. Zitahesabiwa funguo, madawati, vitabu vya kiada, mhuri na majalada. Anayeondoka atatia saini, na anayeingia atatia saini. Lakini kipo kitu kimoja ambacho mara nyingi hakiorodheshwi, ingawa siku hizi ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya kazi za ofisi, nacho ni barua pepe. Zimo katika simu ya yule anayeondoka. Akipanda basi, ofisi imepanda naye.

Jambo hili si la Pito peke yake. Tunaitaja kata hiyo ya nyanda za Ufipa kwa sababu hali ya mtumishi wa huko inafanana na ya maelfu ya wenzake nchini: anayo simu mfukoni, ipo kompyuta moja ya ofisi inayotumiwa na watu kadhaa, na kazi ikiwa kubwa huenda mjini Sumbawanga kwenye duka la kuchapisha. Kwa miaka mingi mji huo ulitegemea umeme ulionunuliwa Zambia, na watumishi wa Rukwa wanajua vema maana ya kompyuta kuzimika barua ikiwa nusu. Basi barua moja inafunguliwa katika vyombo vitatu. Je, barua yenyewe hasa inakaa wapi?

Ziko taratibu mbili kuu ambazo kwazo chombo huchukua barua kutoka katika kompyuta kuu ya huduma, yaani seva. Wa kwanza huitwa POP, ulianza mwaka 1984, na hata jina lake limetokana na posta. Hufanya kazi kama sanduku la posta hasa: ukifungua sanduku lako ukachukua barua, sanduku limebaki tupu na barua i mkononi mwako. Unaweza kuuagiza uache nakala, lakini asili yake ni kuchukua na kuondoka. Wa pili ni IMAP, uliobuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1986. Huu unafanana na masijala. Jalada hubaki kabatini, na vyombo vyako vyote ni madirisha ya kulisomea. Ukisoma barua kwenye simu, kompyuta nayo itaonyesha kwamba imesomwa. Programu za simu za Gmail na Outlook nazo zina mwenendo huo huo wa masijala.

Kwa mtumishi mwenye chombo zaidi ya kimoja, tunasema bila kusita kwamba POP haufai. Mwalimu wa taaluma atafungua barua ya Halmashauri kwenye kompyuta ya ofisi saa mbili asubuhi. Mwalimu mkuu ataitafuta katika simu yake saa nne asiione, na ataapa kwamba haikuletwa. Watu wawili waaminifu watagombana kwa sababu ya mpango mbaya wa mashine.

Wapo watakaobisha wakisema kwamba mtandao ukilegea, masijala iliyo mbali haina faida. Hoja hiyo ina uzito, lakini jibu lake lipo. Programu ya barua huweka ndani ya simu nakala za barua za karibuni. Unaweza kuzisoma bila mtandao na kuandika jibu, nalo likangoja hadi mtandao urudi. Programu nyingi hukuruhusu kuchagua ni za siku ngapi zihifadhiwe, na kuagiza viambatisho vizito vishushwe pale tu unapovihitaji. Bando, tusisahau, mara nyingi hutoka mfukoni mwa mwalimu mwenyewe.

Hata hivyo, IMAP una hatari ambayo wengi hawaifahamu. Kusawazisha vyombo ili vionyeshe kitu kimoja si sawa na kuhifadhi. Ukifuta barua kwenye simu, umeifuta kila mahali. Katika Gmail itakaa kwenye tupio siku 30, kisha haipo tena. Nafasi ya bure huko ni GB 15, nayo hutumika pia kwa picha na mafaili mengine ya akaunti hiyo. Picha za harusi zikiijaza, barua ya Ofisa Elimu haitapokelewa. Na tangu Desemba 2023 Google ilianza kufuta akaunti binafsi zisizotumiwa kwa miaka miwili.

Kwa hiyo barua zenye uzito, kama za ajira, za kuthibitishwa kazini, za kupandishwa daraja na za uhamisho, hazina budi kushushwa kila mwisho wa muhula, zikachapishwa na kuwekwa jaladani, na nakala nyingine ikawekwa katika diski isiyounganishwa na mtandao. Siku ya kudai mafao kwa PSSSF, mfuko ulioundwa mwaka 2018, hakuna atakayekubali maelezo kwamba barua ilikuwamo katika simu iliyotumbukia kisimani.

Hayo ni ya mtumishi mwenyewe. Ya ofisi ni mazito zaidi, maana hayo si mali yake. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 haibagui kati ya karatasi na mashine: kilichoandikwa au kupokelewa na ofisi ya umma katika kazi zake ni kumbukumbu ya umma. Serikali inao mfumo wake wa barua pepe chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, wenye anwani zinazoishia na go.tz, na mwenye anwani hiyo hana udhuru wa kupitishia barua za kazi katika akaunti yake binafsi. Orodha za wanafunzi, pamoja na majina ya wazazi wao na namba za simu, nazo zinahusika na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Shule isiyo na anwani yake iombe kwa mwajiri anwani ya cheo, si ya jina la mtu. Iwekwe kwa IMAP katika kompyuta ya ofisi na katika simu ya mwalimu mkuu, na isiachwe wazi katika kompyuta ya duka. Neno la siri liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na bahasha ikae katika kabati la Ofisa Elimu wa Kata. Siku ya makabidhiano ifunguliwe mbele ya wote wawili, akaunti iondolewe katika simu ya anayeondoka, na anayeingia abadilishe neno la siri hapo hapo, kabla saini hazijatiwa.