Mikono Yetu Ilindwe



Kila alfajiri wenzetu wengi hutoka Kangemi na Kawangware kwa miguu kwenda kwenye mijengo ya Westlands, Kilimani na mjini kati. Jioni hurudi na mikono iliyopasuka, vidole vinavyowasha, na vidonda miguuni pale simiti ilipoingia ndani ya kiatu. Nyapara akiviona husema ni uchafu au ugonjwa wa kuambukiza, na kesho yake kibarua huyo haandikwi tena. Sisi twasema hiyo ni dhuluma.

Simiti ikitiwa maji huwa na ukali kama wa chokaa, nao huunguza ngozi polepole. Mara nyingi mtu hasikii lolote mpaka saa kadhaa zipite, na hapo kidonda kimekwisha ingia. Tena ndani ya simiti mna kromiamu. Ngozi ikiisha kuikataa, huwasha kila inapoigusa, pengine kwa miaka mingi. Ugonjwa huo hauambukizi. Mke na watoto hawaupati kwa kumshika baba mkono.

Wenye viwanda hawawezi kusema kwamba hakuna dawa. Denmark ilianza mwaka 1983 kutaka kromiamu hiyo ipunguzwe nguvu kwa kutia chumvi ya chuma katika simiti. Tangu 2005 Umoja wa Ulaya haukubali izidi sehemu 2 katika milioni. Mkono wa fundi wa Nairobi una thamani sawa na wa fundi wa huko.

Jua nalo lina sehemu yake. Mji wetu uko karibu na Ikweta, tena juu ya bahari kadiri ya mita 1,800, ambako miale ya jua ni mikali kuliko pwani. Ubaridi wa Julai usitudanganye, kwani miale hupita katika mawingu mepesi. Ngozi nyeusi ina kinga kubwa, lakini hukauka na kufanya mabaka. Ndugu zetu wenye ualbino hupata hata saratani. Basi kofia pana na shati la mikono mirefu si anasa.

Sheria iko. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 101, yamtaka mwajiri atoe mavazi ya kinga yafaayo, na glavu na viatu panapohitajika, kwa kila anayefanya kazi ya majimaji au ya kitu chenye madhara. Na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, yahesabu ugonjwa uliotokana na kazi kama ajali.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wafanye haya. Simiti ikikugusa, jioshe mara moja kwa maji safi, na uvue nguo iliyolowa. Kataa glavu za kitambaa, maana hunyonya simiti na kuishikilia kwenye ngozi. Dai zisizopenya maji. Usinunue ovyo mafuta ya tyubu yauzwayo vibandani, kwani mengine hutuliza siku chache kisha hufanya ngozi kuwa nyembamba. Nenda zahanati, mwambie daktari kazi yako ni nini, uchukue barua, kisha umletee mjumbe wa chama.

Mtu mmoja akidai glavu hufukuzwa. Mjengo mzima ukidai, glavu zitapatikana.