Jiwe la Kwanza Liwe Mwisho wa Maandalizi



Miaka iliyopita, tulipokuwa tukifundisha katika kijiji kimoja cha Katanga, tulishuhudia jiwe la kwanza la shule ya serikali likiwekwa. Ilikuwa mwezi wa Novemba. Wakubwa walifika kwa magari, ngoma zikapigwa, na watoto wetu wa darasa la kwanza wakaimba wakiwa na sare zilizofuliwa usiku uliotangulia. Waliahidiwa vyumba sita vya matofali ya kuchoma, vyenye mabati. Watoto hao walimaliza darasa la sita chini ya paa la nyasi. Siku tulipowasindikiza kwenda kufanya mtihani wa mwisho, tulipita kando ya lile jiwe, tukakuta mbuzi wamelala juu yake.

Watu wengi walisema kwamba fedha zililiwa. Wizi wa mali ya umma upo, nasi hatuutetei. Lakini sisi tuliokaa pale tuliona jambo jingine: kazi ile ilichelewa kabla haijaanza. Siku ya sherehe, kiwanja kilikuwa bado kikidaiwa na familia mbili. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema kwamba ardhi ni mali ya Serikali. Hata hivyo, vijijini watu huishi kwa mila, na hakuna fundi atakayechimba msingi mahali ambapo wazee wameketi kumzuia. Shauri lile lilichukua miezi mingi. Wakati huohuo mvua zilikuwa zimekwisha kuanza. Matofali mabichi yaliyeyuka kabla ya kuchomwa, na daraja la magogo halikuweza kubeba lori la saruji. Kiangazi kilipofika, sehemu ya kwanza ya fedha ilikuwa bado njiani. Ilipofika, bei ya saruji ilikuwa imepanda, mkandarasi akasema kwamba mkataba wake hautoshi tena. Tangu siku hiyo hatukumwona.

Msiba huo haukuwa wa kijiji kimoja tu. Nchi yetu imeanzisha mpango mkubwa wa kuendeleza wilaya zote 145, zile ambazo kwa lugha ya utawala huitwa territoires. Mpango huo unahusu shule, vituo vya afya, majengo ya utawala na barabara za mashambani, na utekelezaji wake uligawanywa kati ya mashirika matatu: BCECO, CFEF na PNUD. Nia yake ni njema, na haja ni kubwa, hasa tangu elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo katika shule za umma mwaka 2019 na madarasa yakafurika. Lakini mahali pengi kazi imechelewa. Vita vimezuia kazi mashariki, barabara mbovu zimezuia malori, na fedha hazikufika kwa wakati uliotazamiwa. Baadhi ya vizuizi hivyo havikuweza kutabirika. Vingine vilijulikana na kila dereva wa lori.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: jiwe la kwanza liwekwe mwishoni mwa maandalizi. Kabla ya mtu yeyote kukata utepe, hati ya kiwanja iwe imetolewa na wenye mashamba wawe wamelipwa fidia. Udongo uwe umepimwa. Njia ya kufikisha vifaa iwe imekaguliwa kwa macho, maana ramani iliyochorwa Kinshasa haionyeshi daraja lililooza. Fedha za hatua ya kwanza ziwe mkononi, kwa sababu bajeti iliyopigiwa kura bado si fedha iliyotolewa. Sheria ya mikataba ya umma ya tarehe 27 Aprili 2010 inataka makampuni yashindanishwe. Ushindani huo ufanywe mapema, wakati wa mvua, ili mafundi waingie kazini mwezi wa Mei, ardhi ikiwa kavu.

Tunajua mtakavyotujibu. Mtasema kwamba watoto wanateseka leo, na kwamba kusubiri karatasi ni kuwaongezea mateso. Tunaheshimu uchungu huo, kwa maana ulikuwa wetu. Siku ile ya Novemba tulipiga makofi kuliko wote. Kama tungeuliza swali moja tu kuhusu kiwanja, pengine mwaka mzima usingepotea. Pia tunajua kwamba methali ya haraka isiyo na baraka hutumiwa vibaya na watu waliozoea mikutano isiyokwisha. Maandalizi nayo yawe na tarehe ya mwisho, na mwenye kuyasimamia ajulikane kwa jina na cheo. Injili yenyewe inatuonyesha aibu ya mtu aliyeanza mnara bila kuhesabu gharama. Wala haimsifu anayehesabu milele bila kujenga.

Ninyi vijana mna nafasi katika jambo hili. Mnaposikia kwamba kituo cha afya au shule itajengwa kwenu, msingoje siku ya ngoma. Nendeni kwa chefu wa kijiji na kwa ofisi ya wilaya mkiwa watu watatu au wanne, kwa adabu, pamoja na mzee mmoja anayeheshimika. Ulizeni: kiwanja ni cha nani? Fedha za kuanzia ziko wapi? Kazi itaanza mwezi gani, na itadumu miezi mingapi? Nani ataikagua? Majibu yaandikeni katika daftari la kikundi, pamoja na tarehe. Kibao cha kazi kikisimamishwa, nakilini jina la kampuni, gharama na muda. Daftari hilo halimshtaki mtu. Linasaidia kijiji kukumbuka ahadi, na mkubwa anayejua kwamba ahadi yake imeandikwa huhesabu siku kwa uangalifu zaidi.

Wale wanafunzi wetu sasa ni wazazi. Watoto wao nao wameanza darasa la kwanza. Safari hii, kabla hatujawafundisha wimbo wa kuwapokea wageni, tutauliza kwanza kuhusu kiwanja.